Mkono wa Kijana Yule Unafundishwa na Nani?

Na Binti Kariakoo

Jumanne wiki hii nusura mama yangu mdogo atibiwe ugonjwa asiokuwa nao, kwa sababu ya kichupa cha kifuniko cha zambarau.

Tulikuwa hospitali moja hapa jijini. Mama mdogo ana presha ya siku nyingi, kwa hiyo hupimwa figo na chumvi za damu mara kwa mara. Majibu yakatoka: potasiamu 7.2. Kawaida ni kati ya 3.5 na 5, na ikishavuka saba moyo unaweza kusimama wakati wowote. Daktari akainuka kitini. Manesi wakaanza kutafuta mshipa, glukosi na insulini zikaandaliwa. Mama mdogo, ambaye alikuja kwa miguu yake na hakuwa na maumivu yoyote, alinishika mkono akaanza kuniagiza habari za wajukuu.

Aliyetuokoa ni mteknolojia wa maabara, mama wa makamo, aliyekuja mbio na karatasi mkononi. "Msimpe kitu," alisema. "Tazameni kalsiamu. Mtu mwenye kalsiamu ya chini hivi hawezi kukaa akazungumza na ninyi." Akatoa damu upya kwa mkono wake. Potasiamu: 4.3.

Kumbe damu ya kwanza ilitolewa na kijana wa fildi. Kichupa kimoja hakikujaa, naye akakijazia kwa damu ya kile cha zambarau. Kichupa cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa yenyewe ni chumvi ya potasiamu, tena inanasa kalsiamu. Kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu majibu yote mawili. Yule mama alimuuliza kijana mbele yangu, naye akaitaja dawa hiyo na kazi yake bila kukosea hata neno. Darasani alifaulu. Mkono wake ndio ambao hakuna aliyeufundisha.

Simlaumu, na sitaki mtu amlaumu. Analipa nauli yake kutoka Mbagala, hana posho, na msimamizi wake ni mama yuleyule ambaye asubuhi hiyo alikuwa na dirisha la wagonjwa wa nje, mashine ya kuhesabu chembe za damu na benki ya damu. Wiki chache zikiisha kijana atarudi chuoni na alama zake, na mwingine ataletwa akiwa na mkono uleule usiofundishwa. Hicho tunachokiita mafunzo kwa vitendo ni kumtelekeza mtoto wa watu karibu na mgonjwa.

Wasomaji wangu mnalijua lile shuka jeupe ninalolisemea kila bajeti ya afya inaposomwa, lile linalofunika mashine iliyokufa. Ugonjwa ni huohuo. Chuo cha DIT kinafundisha vifaa tiba, vijana wanahitimu, lakini ni wangapi walioshinda miezi na fundi mkongwe wakiifungua mashine ya maabara na kuifunga tena? Mashine hununuliwa kwa sherehe, wa kuitunza hatafutwi.

Dawa ni uanagenzi, na neno hilo si geni kwetu. Wanagenzi tunao hotelini, kwenye magari, kwenye ushonaji. Waajiri wenye watu kumi na kuendelea wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi. Kwa nini maabara ibaki nje? Uingereza, ambako shahada inaheshimiwa kuliko hapa, kijana anaanza kama msaidizi wa sayansi ya afya na anaweza kupanda ngazi kwa ngazi hadi shahada, akiwa mwajiriwa mwenye mshahara tangu siku ya kwanza. Waajiri wakubwa wamekuwa wakichangia kwa tozo ya mishahara tangu 2017.

Najua nitaambiwa nataka kuwakabidhi wagonjwa kwa wasiosoma. Nataka wasome zaidi: siku za chuo, siku za maabara, mwalimu mmoja anayejulikana kwa jina, daftari linalosainiwa kila kazi inapofanywa sawasawa, na baraza linalosajili wataalamu wa maabara liwatahini mikono yao kabla ya kuwapa namba. Yule mama wa makamo apunguziwe zamu na alipwe kwa kufundisha. Akistaafu bila kumwachia mtu ujuzi wa kusoma potasiamu na kalsiamu kwa pamoja, mgonjwa mwingine atawekewa ile insulini.

Wizara isiniambie posho za wanagenzi hazina fungu. Vipimo vinavyorudiwa, vitendanishi vinavyomwagwa na vitanda vinavyokaliwa bure vina fungu. Na mganga mfawidhi yeyote atakayesema hana nafasi ya kumlipa mwanagenzi, atueleze kwa nini nafasi ya kumtumia bure anayo.