Kibali cha Mgeni na Mwanafunzi Wake



Mazungumzo ya barazani siku hizi hayeshi bila ya kutajwa wageni wanaoletwa kufanya kazi nchini. Huyu asema wafungiwe milango wote. Yule amjibu kwamba bila ya wao hospitali zitabaki kuta tupu. Sisi twaona wote wawili wamepotea njia, na ili neno letu lifahamike twaomba kuwavusha bahari hadi Moshi, mji ulio miguuni mwa mlima Kilimanjaro, kwani huko jambo hili ni la zamani na ushahidi wake ungalipo.

Wakulima wa kahawa wa Kichagga walipoanzisha ushirika wao wa KNCU mwaka 1933, meneja wao katika miaka ile ya mwanzo alikuwa Mwingereza, Bwana A. L. B. Bennett. Zama zile zilikuwa za ukoloni, na mkono wa serikali haukuwa mbali. Walakini kahawa ilikuwa yao, na elimu ya kushika vitabu na kuuza mazao haikubaki kwa meneja. Mwaka 1963 kilifunguliwa papo hapo Moshi chuo cha ushirika, nacho leo ni Chuo Kikuu. Kazi iliyokuwa ikihitaji Mwingereza sasa yafundishwa na wana wa nchi.

Tazameni kadhalika hospitali ya KCMC. Ilipofunguliwa mwaka 1971, mabingwa wake wengi walikuwa wageni. Lau wangalitibu tu na kwenda zao, Moshi ingalikuwa mpaka leo yangoja ndege ilete daktari. Lakini mwaka 1981, kwa msaada wa Wajerumani, kilianzishwa pale chuo cha mafundi wa miguu na mikono ya bandia; mwaka 1992 kikafuata chuo cha maradhi ya ngozi; na mwaka 1997 kikaja chuo cha udaktari. Leo wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika huja kusoma chini ya mlima ule. Wageni wangali wapo, na hapana ubaya. Asiyekuwepo ni yule mgeni ambaye akiondoka, mlango hufungwa nyuma yake.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, iliyo ya Bara, yaongeza sharti: mpe jembe, na mpe mwanafunzi. Kibali hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara moja, na mwajiri yampasa aonyeshe mpango wa kumfundisha raia atakayeishika kazi ile baadaye. Sharti hilo khasa ndilo roho ya sheria, nalo ni jepesi kuandikwa na jepesi zaidi kusahauliwa. Mwezi Julai 2025 Bara ikatoa tena amri ya kuwazuia wageni wasifanye biashara za rejareja, wala kuongoza watalii, wala kununua mazao shambani kwa mkulima. Sisi wenye maduka twaifahamu furaha ya amri kama hiyo, hatufichi. Lakini kumwondoa mgeni katika kuuza sabuni hakumfanyi mtoto wetu awe mhandisi.

Sasa turudi kwetu. Uhamiaji ni jambo la Muungano tangu 1964. Kazi si jambo la Muungano. Maana yake ni kwamba kibali cha kuishi hutoka upande mmoja, na kibali cha kazi hapa Unguja na Pemba hutoka kwa serikali ya hapa hapa. Mara nyingi tumeilaumu Dodoma, tena kwa haki. Katika hili hatuna wa kumsingizia. Meneja wa hoteli akihuishiwa kibali mara baada ya mara, na kijana wetu aliyetoka skuli ya utalii akabakia kubeba mabegi, ruhusa ile imetiwa sahihi Zanzibar.

Na tangu mwaka huo huo wa 1964 madaktari wa Kichina huja kutibu wagonjwa wetu, kundi baada ya kundi. Twawashukuru kwa dhati. Wapo kati yetu ambao mama zao walipona mikononi mwao. Twaiuliza serikali, wala si wao: katika miaka hii yote, kila bingwa alipewa kijana gani wa kwetu asimame ubavuni mwake?

Kwa hiyo twawataka ndugu zetu walio katika Baraza la Wawakilishi wadai daftari la vibali vyote vya kazi vilivyotolewa visiwani, na mbele ya kila kazi liandikwe jina la mzalendo anayefundishwa na mwaka atakaouketia mwenyewe ule ukumbi. Mahali palipo wazi pasomwe kwa sauti, ili liandikwe katika kumbukumbu za Baraza.