Dawa za Presha Zipatikane Zahanati

Ndugu wanakijiji, wiki iliyopita nilikuwa pale zahanati yetu. Bibi mmoja alikuwa amefika tangu alfajiri, daftari lake la kliniki kalifunga ndani ya rambo lisilowe. Kipimo cha presha hakiwaki, betri zimekwisha. Dawa zake nazo hakuna. Akaandikiwa akanunue dukani. Akafungua pindo la khanga, akahesabu, akapata vidonge vya siku tano. Siku zilizobaki za mwezi atameza nini?

Sababu tunazijua: bajeti finyu, oda zinazochelewa, na mazoea ya kuona presha na kisukari ni kazi ya hospitali ya wilaya. Serikali yenyewe inasema huduma hizi zisogezwe karibu na wananchi, na mwaka 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mbona kabati la dawa bado ni tupu?

Linaloniuma zaidi ni kwamba kuwapa wagonjwa dawa na kuwafuatilia tunaweza. Mwenye VVU ambaye hali yake ni nzuri hupewa dawa za miezi kadhaa, na asipofika kliniki hupigiwa simu au kufuatwa nyumbani. Mwenye presha asipofika, nani anamwulizia? Tunasikia tu amepooza upande mmoja, kisha tunaanza kuchangishana nauli ya kumpeleka mjini. Haya ni mauaji ya taratibu, na lawama si ya muuguzi aliyeachwa peke yake. Ni ya halmashauri, ya kamati ya zahanati, na yetu tunaonyamaza.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Twendeni tujae. Tuulize: dawa za presha na kisukari ziliagizwa lini? Fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati zimenunua nini? Kwa nini betri zikose? Wajumbe wa kamati wasimame wajibu mbele yetu.

Wagonjwa, undeni kikundi, mkumbushane siku za kliniki. Vijana, wasindikizeni wazee wenu. Mashehe na wachungaji, waambieni watu presha huua bila dalili, na aliyepata nafuu asiache dawa. Kila mmoja afanye lililo ndani ya uwezo wake.

Nawasihi, mkutano ujao asibaki mtu nyumbani. Na tusitawanyike mpaka tutajiwe tarehe ya dawa kufika.