Hedhi ya Mwanariadha Isifichwe

Msimu wa mashindano ya shule unapowadia, wasichana wa Garissa huingia uwanjani katika joto kali, baadhi yao wakiwa wameanza siku kwa chai na anjera tu. Sisi walimu huhesabu magoli na medali. Ni nadra sana kumsikia mmoja wetu akiuliza iwapo msichana bado anapata hedhi.

Swali hilo si utovu wa adabu. Mwili unaotumia nguvu kuliko chakula unachopata hupunguza homoni ya estrojeni, na hedhi hukatika. Homoni hiyo ndiyo huilinda mifupa. Ikipungua, mifupa hudhoofika na huweza kupata nyufa kwa kukimbia tu. Isitoshe, sehemu kubwa ya mifupa hujengwa kabla ya umri wa miaka 20. Kinachopotea wakati huo huenda kisirudi chote.

Wala haya si maradhi ya Wazungu wanaojinyima ili wakonde. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wakimbiaji chipukizi wa kike wa Kenya nao wamo hatarini. Kwetu Kaskazini Mashariki, ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo, na maziwa, hazina yetu ya kalsiamu, yakaadimika.

Tena msichana aliyekosa hedhi huogopa kushukiwa mimba, akanyamaza. Mwalimu wa kike na amwulize faraghani, na hedhi ikikosekana miezi mitatu ampeleke hospitalini. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi yapunguzwe, yafanywe baada ya kufuturu. Na kabla ya kumwongezea msichana mizunguko ya mbio, tumwongezee chakula.