Abiria Akishakaa, Amekaa



Najua wako watakaosema, hawa leo wamekosa la kuandika. Vijana wetu wanachukuliwa usiku na hawarudi, watu wanazungushwa miezi kwa kitambulisho, halafu ukurasa wa haki unazungumzia viti vya ndege! Kwani ndege si za matajiri?

Hebu twende pale uwanja wa Moi Mombasa, au JKIA Nairobi, tuangalie ni nani yuko kwenye foleni. Yuko mama aliyeweka pesa kwenye chama miaka na miaka ili aende umra. Yuko msichana anayekwenda Ghuba kufanya kazi ya nyumbani, tiketi amekatiwa na wakala, na asipofika siku ile hajui atamlilia nani. Yuko mgonjwa aliyechangiwa harambee aende India kutibiwa. Na yuko aliyepigiwa simu alfajiri akaambiwa babake amefariki. Huyu wa mwisho ndiye nataka tumkumbuke mpaka mwisho wa maneno haya, manake sisi mazishi yetu hayangoji. Mtu akifa alfajiri, alasiri pengine ameshasaliwa na kuzikwa. Ukimwambia mwanawe "utapanda ndege ya jioni, na hii hapa vocha", umempa nini?

Basi mambo yenyewe ni haya. Kampuni za ndege zinajua kwamba katika kila safari wako watu watakaokata tiketi na wasitokee. Mmoja amekwama kwenye msongamano Changamwe, mwengine ameghairi, mwengine ndege yake ya kwanza imechelewa. Na kiti kikienda kitupu, pesa yake haipatikani tena. Si kama gunia la mchele, lisipouzwa leo litauzwa kesho. Kwa hivyo wanapiga hesabu, wanauza tiketi nyingi kuliko viti. Siku nyingi hesabu inaingia na hakuna anayejua. Siku ikikataa, watu wana tiketi halali mkononi na viti hakuna. Marekani peke yake, mwaka 2016, zaidi ya abiria 40,000 walinyimwa nafasi bila ridhaa yao, mbali na wengine zaidi ya 400,000 waliokubali wenyewe kungoja baada ya kupewa kitu. (Matatu zetu angalau zikijaa kupita kiasi hazimshushi mtu. Unawekewa ubao katikati ya viti viwili na safari inaendelea. Ni makosa, lakini ni makosa yanayowabana wote.)

Sasa swali: hesabu ikikataa, nani anabaki chini? Mara nyingi kompyuta ndiyo inayochagua, nayo inaangalia nani alilipa nauli ndogo, nani hana kadi ya msafiri wa kila mara, nani alichelewa kujiandikisha kwa safari. Tafsiri hiyo kwa lugha yetu. Mfanyabiashara anayeruka kila wiki anabaki. Mama wa umra, anayepanda ndege mara moja maishani, ndiye anayeambiwa angoje.

Kisa kilichoifanya dunia nzima izungumzie jambo hili kilitokea Chicago tarehe 9 Aprili 2017, kwenye ndege ya United iliyokuwa ikienda Louisville. Abiria walikuwa wameshapanda, wameshakaa. Kampuni ikataka viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake waliotakiwa Louisville kuendesha ndege nyengine. Wakatoa vocha ya dola 400, hakuna aliyeitaka. Wakapanda mpaka dola 800, pia hakuna. Basi kompyuta ikachagua wanne. Watatu wakashuka. Wa nne alikuwa daktari, mzee wa miaka 69 aliyezaliwa Vietnam. Akasema hashuki, ana wagonjwa wa kuwaona kesho yake asubuhi. Wakaitwa maafisa wa usalama wa uwanja. Wakamng'oa kwenye kiti, uso ukagonga sehemu ya kuegemeza mkono, wakamburura kwenye ujia wa ndege huku abiria wenzake wakipiga mayowe na kurekodi kwa simu. Alivunjika pua, akapoteza meno mawili, akapata mtikisiko wa ubongo.

Mkuu wa kampuni siku ya kwanza alizungumza eti abiria "walipangiwa upya", na kwenye barua kwa wafanyakazi wake akamweleza yule mzee kama mtu mkorofi na mgomvi. Dunia ilipochachamaa ndipo msamaha wa kweli ukaja, na kabla mwezi haujaisha wakawa wamesuluhishana naye nje ya mahakama kwa kiasi kisichotangazwa. Kisha United ikabadilisha kanuni zake. Polisi hawataitwa tena kumtoa abiria isipokuwa kwa jambo la usalama, aliyekaa hatolewi kwenye kiti bila ridhaa yake isipokuwa kwa sababu hiyo hiyo, na anayejitolea kushuka anaweza kupewa mpaka dola 10,000. Elfu kumi! Kumbe pesa zilikuwepo. Siku ile wangeendelea kupandisha bei kidogo tu, angepatikana mmoja wa kusema "nipeni mimi".

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawakulisikia. Ndege ile haikuwa imeuzwa kupita viti. Kampuni yenyewe ilikuja kukubali hivyo. Ilikuwa imejaa tu, na mwenye nyumba akataka wageni wampishe watu wake. Lakini neno "tumeuza kupita kiasi" ndilo lililotumika mwanzo, kwa sababu ni neno la kitaalamu na mtu wa kawaida akilisikia ananyamaza.

Hilo ndilo linalotuhusu sisi zaidi ya vocha na nauli. Ndani ya ndege kuna aina mbili za amri. Iko amri ya usalama: rubani, kwa mujibu wa Mkataba wa Tokyo wa 1963, ana mamlaka ya kumteremsha mtu anayehatarisha chombo na waliomo. Hiyo hatuna ugomvi nayo, sote tunataka kufika salama. Hata ndege ndogo ikizidi uzito na rubani akasema mmoja abaki, tutamsikiliza. Na iko amri ya biashara: tumeuza vibaya, tunataka kiti chako. Hizi ni amri mbili mbalimbali kabisa, lakini zinatoka kwa watu wale wale, waliovaa sare ile ile, kwa sauti ile ile. Dakika ile abiria anapouliza "kwa nini mimi?", amri ya biashara inageuka kuwa ya usalama. Umekataa kutii, wewe sasa ni tishio. Yule daktari hakuwa tishio kwa mtu yeyote mpaka alipokataa kutoa kiti alichokilipia.

Sasa mvalishe daktari huyo kanzu na kofia. Au mvalishe buibui na nikabu.

Tunajua. Novemba 2006 maimamu sita waliteremshwa kwenye ndege ya US Airways pale Minneapolis. Walikuwa wamesali magharibi uwanjani, abiria mmoja akaandika kijikaratasi, wakatolewa kwa pingu. Kesi yao ilikwenda mpaka 2009 ndipo wakalipwa kwa suluhu. Aprili 2016, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, mkimbizi kutoka Iraq, alikuwa ndani ya ndege ya Southwest akizungumza na ami yake kwa simu, kwa Kiarabu, akamaliza kwa "inshallah" kama tunavyomaliza sote. Mama aliyekaa mbele yake akaenda kuripoti. Kijana akateremshwa, akahojiwa na FBI, na safari yake ikaishia kwa ndege ya kampuni nyengine, saa nyingi baadaye. Neno tunalowafundisha watoto wetu kabla hawajajua kusoma!

Kwa hivyo Muislamu anapoambiwa "tafadhali inuka, ndege imejaa", yeye hapigi hesabu ya fidia. Anapiga hesabu ya nini kitamfika akiuliza. Anachukua mkoba wake, anashuka kimya. Hakuna video, hakuna mayowe, hakuna kesi. Nami naamini, wala sitaki kubembeleza katika hili, kwamba ukimya huu unajulikana na unatumiwa. Anayechagua nani ashuke, akiwa ni binadamu na si kompyuta, atamwendea yule asiyeweza kupiga kelele.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Katika Bukhari na Muslim, kwa mapokezi ya Ibn Umar, Mtume (s.a.w) amekataza mtu kumwinua mwenziwe alipokaa ili yeye akae pale. Alichoamrisha ni watu wapeane nafasi na wapanuliane. Na Ibn Umar mwenyewe, hata mtu akimwinukia kwa hiari, alikuwa hakubali kukaa. Tazama tofauti: kupisha kwa ridhaa ni ihsani, kuinuliwa kwa nguvu ni dhulma. Tena Hakim bin Hizam alipouliza kuhusu kumuuzia mteja bidhaa asiyokuwa nayo, Mtume alimkataza. Kama tiketi ni mauzo au ni ijara, hilo tunawaachia masheikh. Lakini kuchukua pesa za watu 110 ukijua una viti 100, bila kuwaambia, na Sura ya Al-Maida inafunguka kwa amri ya kutimiza mikataba, hapo hatuhitaji fatwa ndefu.

Tuje kwenye sheria za dunia. Marekani, baada ya Chicago, Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2018, na mwaka 2021 kanuni ikaandikwa wazi: abiria aliyejiandikisha kwa wakati, pasi yake ikakubaliwa mlangoni, hawezi kuteremshwa kwa sababu ya kujaa. Usalama, afya au fujo tu. Ulaya wana sheria nambari 261 ya mwaka 2004, na hii Wakenya wengi hawaijui ilhali inawahusu. Ukitoka Nairobi kwenda Amsterdam na KLM, inakulinda ukiwa bado JKIA, kwa sababu kampuni ni ya Ulaya. Ukinyimwa nafasi bila ridhaa yako, fidia kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 inafika yuro 600, kwa pesa, si vocha mpaka wewe ukubali kwa sahihi yako. Juu yake chakula na pa kulala ukingojea. Ukienda na Kenya Airways, sheria hiyo haikugusi. Lakini ukirudi na Kenya Airways hiyo hiyo kutoka Amsterdam, inakugusa, kwa sababu umeondokea Ulaya. Yaani Mkenya yule yule, na paspoti ile ile, thamani yake inabadilika kulingana na uwanja alioondokea na rangi ya ndege.

Nasi si kwamba hatuna pa kushika. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari, na haki ya fidia akipata hasara. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya mtu, cha 27 kinakataza ubaguzi, dini ikiwemo. Iko na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Lakini Katiba haitaji kiti cha ndege, na mtu aliye mlangoni na dakika kumi za kuamua hawezi kumsomea mhudumu vifungu.

Kwa hivyo tunachotaka kutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na kwa wabunge wetu wa Pwani na Kaskazini Mashariki ambao ndio wanaojaza ndege hizi kila wiki, ni maneno machache yasiyo na kona. Aliyekubaliwa mlangoni na akakaa, hainuliwi kwa sababu ya biashara. Kabla ya kumnyima mtu yeyote nafasi, waulizwe kwanza wanaojitolea, na bei ipande mpaka apatikane. Polisi wasiitwe kwa ugomvi wa tiketi. Anayeteremshwa apewe sababu kwa maandishi, pale pale, ikisema ni usalama au ni biashara. Na kiasi cha fidia kibandikwe kwenye kila kaunta, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ulaya kampuni zinalazimishwa kuweka tangazo kama hilo mahali pa kujiandikisha. Hapa kaunta zetu zina matangazo ya kila namna, hili moja halitakosa ukuta. Na aliyefiwa aorodheshwe pamoja na wasioweza kunyimwa nafasi, kama mtoto anayesafiri peke yake.

Mpaka hapo, ndugu yangu, dada yangu, ikikufika: usipigane wala usipandishe sauti, kwa sababu ndilo wanalolingojea. Uliza kwa utulivu, "hili ni jambo la usalama au ndege imejaa?", na uulize mbele ya abiria wengine wakusikie. Omba jibu kwa maandishi. Usitie sahihi kwenye vocha hujasoma, manake ukikubali kwa hiari pengine umejifungia mlango wa fidia. Weka pasi yako ya kupandia, usiirudishe. Andika saa, nambari ya ndege, na majina yaliyo vifuani mwa waliokuhudumia.

Na wewe uliye kwenye kiti cha jirani, toa simu yako urekodi. Yule daktari wa Chicago hakutetewa na kampuni wala na serikali siku ile. Alitetewa na watu waliokuwa wamekaa karibu naye.

Kama uliwahi kuteremshwa ukanyamaza, iwe ni mwaka jana au zamani, tuandikie kwenye ujumbe wa siri wa ukurasa huu pamoja na picha ya tiketi yako. Jina lako halitatolewa bila idhini yako. Tunakusanya visa hivi ili tuvipeleke kwa maandishi, na kisa kimoja cha aliyekosa mazishi ya mzazi wake kitazungumza zaidi ya kurasa kumi zetu.