Maskini Hupimwa kwa Kipimo Gani?

Tunaposema kwamba jamaa fulani ni maskini, tunatumia kipimo gani? Swali hili si la wataalamu wa elimu-jamii peke yao, maana kipimo ndicho kinachoamua nani atasaidiwa na nani atapitwa.

Mwaka 1899 Mwingereza Seebohm Rowntree aliuchunguza mji wa York. Alipiga hesabu ya chakula, nguo, kodi ya nyumba na makaa, yaani vile tu vinavyoupa mwili nguvu. Katika hesabu hiyo hamkuwa na nauli, gazeti, stempu ya barua, sadaka ya kanisani, wala msaada kwa jirani. Hata hivyo, karibu mtu mmoja kati ya kumi hakukifikia kipimo hicho kikali, na sababu kubwa ilikuwa mishahara midogo, wala si uvivu.

Mwaka 1979 Peter Townsend alipanua maana: maskini ni yule asiye na uwezo wa kushiriki maisha ya kawaida ya jamii yake. Amartya Sen akamjibu kwamba njaa ni njaa, hata kama wote wanaizoea. Sisi twaona kwamba maneno hayo mawili yanahitajiana.

Siku hizi Benki ya Dunia huweka mstari kwenye dola 3 kwa siku. Mstari huo hufaa kulinganisha nchi na nchi, lakini hauonyeshi mzigo wa kila nyumba. Nasi Wakongo, ambao sensa yetu ya mwisho ilifanyika mwaka 1984, tunazidi kutegemea makadirio.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunapoandika orodha ya wahitaji katika mashirika yetu, tusiulize tu kama chungu kimewekwa motoni. Tuulize pia: watoto wanasoma? Mgonjwa anafika kwa mganga? Mama huyu anaweza kuchangia kilio cha jirani, au hujificha siku hiyo kwa sababu mikono yake ni mitupu? Anayekosa cha kutoa huanza kujitenga, kisha husahauliwa. Mwenye njaa atangulie, ndiyo. Lakini tusimhesabu kuwa ameokoka umaskini yule aliyeshiba leo, huku mlango wa ujirani umefungwa mbele yake.