Safari ya Chama Mwaka Huu Iwe Hapa Hapa Pemba



Katika mkutano uliopita wa kamati lilizuka shauri la safari ya mwaka ya wanachama na watoto wao. Walio wengi walitaka tuvuke bahari twende Dar es Salaam, kwenye kiwanja kikubwa cha michezo ya maji, penye mabomba ya kuteremkia na mabwawa ya kuogelea. Mimi ni katibu, kazi yangu ni kuandika yasemwayo, nikaandika. Lakini ukurasa huu si kumbukumbu za mkutano, na leo natoa rai yangu mwenyewe: safari hii tuifanye kisiwani humu, kwa siku moja tu, twende Ngezi na Kidike.

Najua wapo watakaocheka. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza, "Katibu, wataka kuwapakia wakulima garini wakaangalie miti?" Naam, mzee wangu, ndivyo nitakavyo, maana miti ile ina khabari yetu. Kisiwa hiki kabla ya mikarafuu kilikuwa msitu. Katika karne ya 19 msitu ulifyekwa, na baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na ya kwetu kusalimika, Pemba ndiyo iliyoishika biashara, na vilima vilivyofaa vikazidi kupandwa. Siwalaumu wazee, sote twala katika kazi yao. Ila msitu mkubwa uliobakia ni ule wa Ngezi, kaskazini magharibi, ukisha kupita Konde, nao ni hekta zipatazo 1,440 tu.

Nakiri kosa langu. Nimezaliwa humu, nimesoma chuoni na skuli humu humu, na siku ya mwanzo kutia mguu Ngezi nilikuwa nimekwisha pita miaka thelathini, tena namsindikiza mgeni. Yeye ndiye aliyenionyesha mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba peke yake. Mgeni amfundisha mwenyeji mti wa kwao! Niliona haya sana. Tukapita chini ya mivule, majani yameziba jua hata saa sita ya mchana yafanana na magharibi, na hewa yake baridi. Mtu aliyezoea joto la shamba wakati wa uchumaji huwa hataki kutoka.

Humo mna bundi mdogo ambaye hayuko pengine popote duniani ila Pemba. Watu wetu hawampendi bundi, husema ana mkosi, na mwengine akimsikia juu ya paa humfukuza kwa mawe. Kumbe huyu hakai msituni tu, hukaa hata katika mashamba yetu ya mikarafuu, na huenda wewe usomaye haya unaye shambani kwako.

Sasa nije kwa popo, na hapa ndipo penye maneno. Popo wetu wa matunda, yule mkubwa ambaye mabawa yake yakinyooshwa hupita mita moja na nusu, naye ni wa kisiwa hiki tu. Aliwindwa mno kwa nyama, na miti aliyokuwa akilala ikakatwa, hata mwaka 1996 jumuiya ya kimataifa ya hifadhi ikamwandika katika daraja ya walio kwenye khatari kubwa kabisa ya kutoweka. (Mas'ala ya kuliwa kwake siyaingii, masheikh wapo.) Watu wa vijijini wakaanza kumlinda, na Kidike ndiko kulikosifika kuliko kote. Kufika mwisho wa miaka ya 2000 hesabu yao kisiwa kizima ilikaribia 20,000. Leo mgeni atoka Ulaya, alipa kiingilio, akae chini ya mti awatazame, na mtoto wa Chake aliye karibu na hapo hajawaona ila wakipita angani usiku.

Na popo hawa hawalali misituni tu. Hulala kwenye miti ya makaburini, kwenye miembe mikubwa, hata kwenye mikarafuu mikongwe. Miti hiyo yote iko mikononi mwetu sisi wanachama. Mwaka jana mwenzetu mmoja, simtaji, aliangusha mwembe wa babu yake uliokuwa umejaa popo, akauza mbao. Nilipomwuliza alinijibu kwa moyo safi kabisa kuwa alidhani popo ni popo tu, wako kila nchi. Sikuwa na la kumwambia, maana hakuna aliyemwonyesha. Popo yule ala matunda na kuzitawanya mbegu mbali, na miti mingi ya kisiwa hiki imeota kwa kazi yake.

Sisemi watoto wasicheze. Kuteremka bombani ni furaha, na mwenye uwezo ampeleke mwanawe. Lakini fedha za chama ni za wote, na nauli ya boti kwenda na kurudi itawaacha nyuma wale wenye watoto sita au saba, ambao ndio wengi wetu. Kwa safari ya kisiwani gari zatosha, na kila nyumba itaweza kutoka.

Mpango niuonao ni huu. Tuondoke Chake asubuhi mapema, tuingie Ngezi pamoja na mwongozaji wa msitu, kisha tushuke pwani ya Vumawimbi kwa sala ya adhuhuri na chakula. Watoto wataoga hapo mpaka wachoke, na bahari haina kiingilio. Alasiri turudi kusini mpaka Kidike, tuwakute popo wangali wananing'inia, tungoje mpaka jua lizame waruke. Akina mama wa kamati wameniambia pilau haina tabu wakipata khabari siku nne kabla.

Shauri hili nitalileta mkutanoni lipigiwe kura. Wanaoliunga mkono walete majina ofisini pamoja na idadi ya watoto, ili nijue gari ngapi za kukodi. Na kijana mwenye manati aiache nyumbani.

Wasalaam,
Katibu