Nani Atazicheza Tamthiliya Zinazokera?

Mwaka 2015, nikiwa mgeni mjini Washington kwa shughuli za utafiti, nilivuka mto Potomac jioni moja kwenda Arlington, katika jimbo la Virginia, kutazama tamthiliya niliyodhani naijua. Ukumbi wenyewe haukuwa na fahari yoyote. Ulikuwa chumba cheusi katika jengo la shule, eneo la Gunston, na viti vya watazamaji vilikuwa karibu na waigizaji kiasi cha kuliona jasho lao. Kikundi kiliitwa The American Century Theater. Kilianzishwa mwaka 1994, na mwongozaji wake mkuu, Jack Marshall, ni mwanasheria kwa taaluma. Kusudi lao lilikuwa moja: kuzirudisha jukwaani tamthiliya za Kimarekani za karne ya 20 ambazo Marekani yenyewe ilikuwa imezisahau, au ilikuwa imeona afadhali izisahau. Miongoni mwa zilizofufuliwa pale ni Moby Dick Rehearsed ya Orson Welles, kazi ambayo watu wengi wanaomjua Welles wa sinema hawajui hata kwamba ipo.

Usiku ule walicheza Twelve Angry Men ya Reginald Rose, nao walikuwa wanaaga. Msimu huo ulikuwa wa mwisho. Baada ya miaka 20 kikundi kilifunga kazi.

Filamu ya tamthiliya hiyo, ya mwaka 1957, nilikuwa nimeitazama mara nyingi, na darasani nimeitumia kufundishia mantiki. Raia kumi na wawili wamefungiwa chumbani waamue kama kijana aliyeshitakiwa kumuua baba yake ana hatia. Kumi na mmoja wanasema anayo, mmoja anasita. Katika filamu, kamera inakuchagulia wa kumtazama, nayo inamchagua huyo mmoja. Pale Arlington hapakuwa na kamera. Macho yangu yaliwaendea wale wengine, hasa wawili watatu ambao mikono yao ilipanda polepole, baada ya kuona ya wenzao imekwisha kupanda.

Niseme ukweli unaonihusu. Miezi michache kabla ya safari ile niliketi katika kikao cha nidhamu cha chuo kimoja, ambacho sitakitaja, nikainua mkono pamoja na wengine kumsimamisha masomo kijana wa mwaka wa pili. Faili lake nilikuwa nimelisoma ukurasa wa kwanza tu. Saa ilikuwa imekwenda, chakula cha mchana kilikuwa kinangoja, na mwenyekiti alikuwa mtu mwenye haraka. Nimeifundisha hoja ya Rose kwa miaka kadhaa bila kuniuma hata kidogo. Ilinibidi niketi hatua tatu kutoka kwa mtu mwenye mkono kama wangu ndipo niione.

Ndiyo maana nasema kwamba tamthiliya haifi kama kitabu kinavyokufa. Kitabu kilichosahauliwa kinaweza kungoja rafuni miaka mia, na siku msomaji mmoja akikifungua, kimefufuka chote. Tamthiliya iliyochapishwa lakini haichezwi ni nusu tu ya kitu, kama noti za ngoma ambayo hakuna anayeipiga. Inahitaji watu, chumba, mazoezi ya wiki kadhaa na fedha za kukodi taa. Kwa hiyo kila taifa lina ghala la tamthiliya zilizozikwa zikiwa hai, na si kweli kwamba zote zilizikwa kwa sababu ni mbaya. Lillian Hellman, aliyekuwa tayari na jina, aliandika Days to Come mwaka 1936, kuhusu mwenye kiwanda katika mji mdogo wa Ohio anayewaleta watu wa kuvunja mgomo wa wafanyakazi wake, watu waliokuwa majirani na karibu ndugu zake. Broadway iliionyesha mara 7, ikafungwa. Mwaka 2018 kikundi cha Mint Theater cha New York kiliirudisha jukwaani. Ina kasoro zake. Hellman alitaka kusema mambo mengi mno kwa usiku mmoja. Lakini swali lake, la nini hutokea pale mwajiri mpole anapokodi watu wakatili wamfanyie kazi asiyotaka kuiona, halijapitwa na wakati hata kwa siku moja.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Alice Childress. Mwaka 1955, katika ukumbi mdogo wa Greenwich Mews mjini New York, alionyesha tamthiliya yake Trouble in Mind. Ni tamthiliya kuhusu mazoezi ya tamthiliya. Wiletta Mayer, mwigizaji Mweusi wa makamo ambaye maisha yake yote amecheza yaya na mtumishi, amepata nafasi katika mchezo unaojidai kupinga mauaji ya Weusi yaliyokuwa yakifanywa na makundi ya Wazungu. Mtunzi wa mchezo huo wa ndani ni Mzungu, mwongozaji ni Mzungu, na wote wawili wanajiona watu wema. Katika mchezo huo mama anamshauri mwanawe ajisalimishe, naye anakwenda kufa. Wiletta anauliza swali dogo: ni mama gani anayemtoa mwanawe kwa watu anaojua watamuua? Kadiri anavyouliza ndivyo wema wa mwongozaji unavyoyeyuka, mpaka kinachobaki ni hasira ya bosi.

Sasa tazama yaliyompata Childress mwenyewe. Waandaaji wa pale Greenwich Mews walitaka mwisho wa kufurahisha, wa kupatana. Akakubali, na baadaye akajuta. Onyesho lilipokwisha, akafuatwa na watu wa Broadway. Tamthiliya ilipangwa kufunguliwa huko mwaka 1957. Nao wakataka marekebisho, na baada ya hayo marekebisho mengine, ili watazamaji Wazungu wasiondoke wameudhika. Safari hii alikataa. Onyesho likafutwa. Angekuwa mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kuwa na tamthiliya Broadway; heshima hiyo aliipata Lorraine Hansberry mwaka 1959, kwa A Raisin in the Sun. Trouble in Mind ilifika Broadway mwaka 2021, ikiwa na mwisho wake halisi, miaka 27 baada ya mtunzi kufariki.

Katika miaka hiyo zaidi ya sitini tamthiliya hii iliishi wapi? Iliishi kwa vikundi vya Weusi, kwa kumbi za vyuo na za miji mingine, mahali ambapo mtu alikuwa tayari kuicheza kama ilivyoandikwa bila kutazamia faida. Wasingekuwapo, Broadway ya mwaka 2021 isingekuwa na cha kugundua. Wala nisiwafanye wadogo malaika: waliomwomba Childress alegeze mwisho mara ya kwanza walikuwa ukumbi mdogo. Udogo si uadilifu. Hupunguza tu idadi ya watu unaoogopa kuwaudhi.

Mwenzangu mmoja wa idara, dada ambaye hoja zake huwa sizipuuzi, alinisikia nikisema haya akaniuliza: “Kaka, na yale matusi nani atayatamka kila usiku? Wewe?”

Swali ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 1920 kikundi cha Provincetown Players kilionyesha The Emperor Jones ya Eugene O'Neill, na Charles Gilpin, mwigizaji Mweusi, akashika nafasi kuu. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa mno, na Gilpin alisifiwa hata na waliokuja kumkebehi. Lakini maandishi yalikuwa yamejaa tusi la kibaguzi, na lililazimika kutoka kinywani mwake mwenyewe, onyesho baada ya onyesho. Akaanza kulibadilisha kwa maneno mengine. O'Neill alipojua alikasirika hata kutishia kumpiga. Tamthiliya iliporudishwa jukwaani mwaka 1924, aliyeitwa alikuwa Paul Robeson, kijana. Gilpin alifariki mwaka 1930. Miaka mingi baadaye O'Neill alikiri kwamba Gilpin alikuwa miongoni mwa waigizaji wachache sana waliotimiza kile alichokuwa amekusudia.

Nani alikuwa na haki? Kwa muda mrefu nilimjibu kila mtu kwa kanuni ya shuleni: maandishi ya mtunzi hayaguswi. Siku hizi sisemi hivyo kwa wepesi. Mimi ninayelinda usafi wa maandishi huketi gizani nikisikiliza. Anayelipa ni aliye jukwaani. Hata hivyo sikubali jibu la pili lililo jepesi vilevile, kwamba tamthiliya za namna hiyo ziachwe zioze. Childress naye aliandika lugha chafu ya kibaguzi katika tamthiliya yake, kwa sababu watu aliowaandika ndivyo walivyozungumza. Ukilifuta tusi unamsafisha mtukanaji. Ninaloweza kumwambia dada yangu ni kwamba waigizaji wenyewe wawe na kauli katika uamuzi, na kama neno limeondolewa watazamaji waambiwe kwamba limeondolewa na kwa nini. Mwongozaji atakayeifufua The Emperor Jones leo bila kumtaja Gilpin popote amefufua nusu ya kisa. Hakuridhika na jibu langu. Sikumlaumu.

Halafu kuna fedha, na nyuma ya fedha kuna dola. Mwaka 1935, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya Marekani ilianzisha mradi wa kitaifa wa maigizo ili kuwapa ajira wasanii waliokuwa wamekosa hata mlo. Uliongozwa na Hallie Flanagan, mwalimu wa chuo. Mwaka 1937 Orson Welles na John Houseman, wakiwa ndani ya mradi huo, walitayarisha The Cradle Will Rock ya Marc Blitzstein, mchezo wa nyimbo kuhusu chama cha wafanyakazi wa chuma. Kabla ya ufunguzi ukumbi ukafungwa na walinzi wakawekwa mlangoni. Waigizaji na watazamaji wakatembea pamoja mtaa baada ya mtaa hadi ukumbi mwingine. Kwa kuwa chama cha waigizaji kilikuwa kimewakataza wanachama wake kupanda jukwaani, Blitzstein aliketi peke yake jukwaani akipiga piano, na waigizaji wakasimama mmojammoja katikati ya watazamaji, wakaimba kutoka vitini. Mwaka uliofuata Flanagan aliitwa mbele ya kamati ya Bunge, ambako mbunge mmoja alimhoji kama Christopher Marlowe ni mkomunisti. Marlowe alikuwa ameuawa mwaka 1593. Mwaka 1939 Bunge likaufuta mradi.

Sikisimulii kisa hiki kwa kuchekelea. Mei 2025 mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia sanaa ulituma barua pepe kwa vikundi vingi, vikiwamo vya maigizo vyenye watumishi wa kuhesabika kwa vidole, kuvijulisha kwamba ruzuku walizokwisha kuahidiwa zimesitishwa, kwa kuwa vipaumbele vya serikali mpya ni vingine. Kikundi kikubwa kikipoteza ruzuku hupunguza mapambo ya jukwaa. Kikundi cha viti mia moja hupoteza msimu. Na cha kwanza kukatwa katika msimu uliopunguzwa si ile vichekesho inayojaza ukumbi, bali ile tamthiliya ya mwaka 1936 ambayo hakuna aliyeisikia. Serikali haihitaji kupiga marufuku chochote, wala hakuna mlinzi anayesimama mlangoni kama mwaka 1937, kwa hiyo hakuna hata kisa cha kusimulia.

Najua wako watakaouliza haya yananihusu nini mimi, mwalimu wa Tanzania, na maghala ya Wamarekani. Nawaelekeza kwenye tamthiliya ya Hansberry iitwayo Les Blancs. Inatokea katika nchi ya kubuni ya Afrika, penye hospitali ya misheni, walowezi wenye bunduki na vijana waliokwisha kwenda msituni. Msomaji wa Kenya anayekumbuka Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 hatapata taabu kuitambua. Tshembe Matoseh anarudi kutoka Ulaya kumzika baba yake, akiwa na mke Mzungu na mtoto aliowaacha ng'ambo, na nyumbani anangojwa achague upande. Hansberry alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 34, kabla hajaikamilisha. Robert Nemiroff, aliyekuwa mume wake, ndiye aliyeitayarisha. Ilifunguliwa Broadway Novemba 1970, James Earl Jones akiwa Tshembe, ikaonyeshwa mara 40 tu. Watazamaji Wazungu walioipenda A Raisin in the Sun hawakumpenda Hansberry huyu, anayehoji kama maneno mazuri ya waliberali yamewahi kumwondoa mlowezi hata mmoja. Mwaka 2016 ukumbi wa taifa wa Uingereza, London, uliifufua kwa kishindo. Huku kwetu, ambako ndiko inakozungumzia, katika wanafunzi thelathini na wawili wa semina yangu ya mwaka huu hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kulisikia jina lake.

Tumekubaliana kuisoma kwa sauti, wamesimama, kila Alhamisi saa kumi jioni baada ya vipindi, meza zikisogezwa ukutani. Kijana aliyeomba kuwa Tshembe ana kigugumizi kidogo na amesema hataki kubadilishwa. Nafasi ya Meja Rice, Mzungu mwenye bunduki anayeiita nchi ile yake, bado hakuna anayeitaka.